Vietnam: kila picha ina mwezi wake

Picha tatu ndizo zilizonipeleka Vietnam. Ya kwanza ni mto wa Tam Coc unaopita katikati ya mpunga ulioiva, njano tupu pande zote mbili. Ya pili ni visiwa vya mawe vya Ghuba ya Ha Long. Ya tatu ni fanusi za hariri za Hoi An, usiku, mwanga wake ukichezacheza juu ya maji. Nilizihifadhi kwenye simu miaka, nikiamini mtu akishashuka kwenye ndege atazikuta zote zinamsubiri. Kumbe kila picha ina mwezi wake, na miezi yenyewe haikutani.

Vietnam ni nchi nyembamba na ndefu. Reli ya kutoka Hanoi, kaskazini, hadi Saigon, kusini (jina rasmi ni Jiji la Ho Chi Minh, ila wenyewe wengi bado wanasema Saigon) ina kilomita 1,726, na kwa urefu huo hakuna msimu mmoja wa nchi nzima. Kaskazini kuna baridi ya kuvaa sweta kuanzia Desemba hadi Februari, lakini Oktoba na Novemba hewa yake ni nzuri mno. Kusini mvua huanza Mei na kukatika Novemba. Pwani ya kati, yaani Hue, Da Nang na Hoi An, mvua inaingia Septemba mpaka Desemba, na Oktoba na Novemba ndiyo kilele. Mpunga wa Tam Coc huiva mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Matuta ya mpunga ya Mu Cang Chai, kule milimani kaskazini, yanapendeza Septemba. Sisi tulikwenda nusu ya pili ya Oktoba kwa sababu ndipo wifi yangu alipopata likizo, na mwajiri hamuulizi mtu habari za mpunga.

Viza ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko tulivyoogopa. Tangu Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, ya kukaa hadi siku 90. Kuingia mara moja ni dola 25, kuingia na kutoka mara kadhaa ni dola 50. Tovuti halisi ni ya serikali na anwani yake inaishia na gov.vn. Ukitafuta kwenye Google, juu yake zinakuja nyingine zenye bendera na nembo, na jamaa yetu mmoja wa Tanga alilipa karibu mara nne kwa moja ya hizo. Viza alipata, lakini fedha ya ziada ndiyo imekwenda. Jambo la pili ni majina. Sisi wa Zanzibar hatuna jina la ukoo kama wanavyolielewa wao, tuna la baba na la babu. Andika majina yako yote kwa mpangilio uleule ulio chini kabisa ya ukurasa wa picha, kwenye ile mistari yenye alama za mishale, usipunguze hata moja. Kisha ichapishe. Kaunta ya uwanja wa ndege Dar es Salaam walitaka karatasi mkononi, wakataka na tiketi ya kurudi.

Tiketi ndiyo inayokula bajeti. Sisi tulipitia Doha na kila mmoja alitoka na zaidi ya dola 1,000. Ukishafika, nchi ni nafuu kuliko Unguja ya msimu wa watalii. Tulikuwa tukitumia chini ya dola 45 kila mmoja kwa siku, chumba tukigawana, chakula, usafiri na viingilio ndani yake.

Uwanjani Hanoi nilinunua laini ya simu ya Viettel, kampuni ya jeshi la Vietnam. Ndio wenye Halotel kwetu na Lumitel kule Burundi, kwa hiyo jamaa hawa nilikuwa nawalipa hata kabla sijatoka nyumbani. Pasipoti lazima, kusajili ni dakika chache.

Fedha yao, dong, inatisha kwa sifuri nyingi, ila Mtanzania ana bahati: dola moja ni kama dong 25,000 na kitu, kwa hiyo ukiondoa sifuri moja unapata shilingi zetu kwa kukadiria. Supu ya dong 60,000 ni kama shilingi 6,000. Mkenya agawe kwa 200. Cha kuangalia ni noti mbili: ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, na zote zina sura ya Ho Chi Minh. Wifi yangu, karibu na ziwa la Hoan Kiem, alimpa muuza juisi ya miwa ile kubwa akidhani ametoa ndogo. Yule mama aliishika, akaigeuzageuza, akacheka mpaka mwenzake wa jirani akaja kuona. Halafu akachukua pochi ya wifi mkononi mwake, akaifungua, akamtolea noti ya 20,000, akairudisha ile kubwa na kuibana kwa ndani kabisa, akaifunga zipu. Tangu siku hiyo noti za 500,000 zinakaa mfuko mwingine. Si kila muuzaji atakuwa yule mama.

Hanoi inakushambulia kwa pikipiki. Barabara ya mji mkongwe haina mwanya wa kuvuka, ukisubiri ziishe utazeeka hapo hapo. Namna yake ni kushuka barabarani na kutembea polepole, mwendo mmoja, bila kukimbia wala kurudi nyuma, nazo zinakukwepa zenyewe. Siku ya kwanza wifi aliniganda mkono, akawa ananiambia, "Wifi, tutakufa ugenini." Siku ya tatu anavuka huku anazungumza na simu. Ila magari na mabasi hayakwepi. Hayo yasubiri.

Nilikwenda nikiwa na wasiwasi na hijabu yangu. Hofu hiyo iliisha siku ya pili, nilipowatazama vizuri wanawake wa Hanoi wakiendesha pikipiki juani: koti lenye kofia, barakoa, glavu mpaka kwenye viwiko, sketi ya kufunga kiunoni ya kufunika miguu, miwani. Wanaogopa jua, hawataki kuwa weusi, na wamejifunika kuliko mie. Hapo hapo kuna upande wa pili wa habari. Ukiwa mweusi utatazamwa, utaombwa picha, na vijijini kuna watakaokugusa mkono kuona kama rangi inatoka. Wengi hawana ubaya, lakini kuna siku nilichoka, nikamwambia msichana mmoja hapana, naye akaomba radhi kwa kuinama. Wanafunzi wanaokuja Hoan Kiem mwisho wa wiki, barabara zinapofungwa magari, kufanya mazoezi ya Kiingereza, wale ni raha. Mmoja aliniuliza kama Zanzibar tuna theluji.

Chakula ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Nguruwe yumo kila mahali, hata kwenye supu inayoonekana ya samaki, na mafuta yake pia. Mkombozi ni migahawa ya Wabudha wasiokula nyama, yenye kibao kilichoandikwa chay. Zipo kila mtaa, na tarehe 1 na 15 za mwezi wao wa kuandama zinajaa. Uyoga, tofu, mchaichai, nazi, ukwaju: mtu wa pwani hawezi kushindwa hapo. Msishtuke mkiletewa kitu chenye umbo la kamba au kuku, ni soya. Msikiti wa Hanoi ni mmoja tu, Al-Noor, mtaa wa Hang Luoc karibu na soko la Dong Xuan, umejengwa 1890 na Waislamu kutoka India. Ijumaa tulikuta Wapakistani, Wamalaysia, Waindonesia na vijana wa kutoka Afrika Magharibi, na hao ndio waliotuelekeza wapi pa kula nyama ya halali. Na habari ndogo ambayo vitabu vya watalii havisemi: vyoo vyao karibu vyote vina mpira wa maji. Baada ya kukaa Ulaya wiki moja mwaka uliopita, wallahi nilishukuru.

Kutoka Hanoi tukaenda Ninh Binh, saa mbili kwa basi. Kama mtu ana siku chache, hapa ndipo ningemwambia alale. Milima ni ileile ya mawe ya chokaa ya Ha Long, ila imesimama nchi kavu, katikati ya mashamba na mito. Trang An, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2014, tuliingia kwa dong 250,000, boti la kasia, watu wanne na mpiga kasia. Wetu alikuwa mama wa makamo aliyetupitisha kwenye mapango yenye dari ya chini kiasi kwamba alitugonga begani kila tulipotakiwa kuinama. Humo ndani ni giza, maji yanadondoka shingoni, unasikia kasia tu. Tam Coc, wapiga kasia wanalala chali na kuvuta makasia kwa nyayo. Huko ndiko nilikoitafuta picha yangu ya kwanza. Nilikuta maji matupu na mabua. Mwenye nyumba ya wageni akanionyesha mpunga wa njano kwenye kalenda yake ukutani, ukurasa wa Juni.

Ha Long sitaisema sana, imeshasemwa na kila mtu. Ipo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1994, na mwaka 2023 visiwa vya Cat Ba vikaunganishwa nayo. Mjue tu kwamba boti hazitoki bila ruhusa ya mamlaka ya bandari, na upepo ukizidi wanafunga, wala hakuna wa kumlilia. Tulikuwa tumenunua safari ya kulala baharini kwa wakala mmoja wa Hanoi, mwenye picha nzuri na maneno matamu. Siku yenyewe bandari ikafungwa. Wakala akasema hakuna kurudishiwa, kesho yake akasema nusu, na nusu hiyo tuliipata kwa kukaa dukani kwake mpaka wateja wengine wakaanza kusikiliza. Kabla ya kulipa, taka maandishi yanayosema bandari ikifungwa unarudishiwa nini. Na usipange ndege au treni siku ya pili yake. Sisi tuliishia kwenda wenyewe Cat Ba, tukachukua boti ya mchana mmoja ya Ghuba ya Lan Ha, inayopakana na Ha Long, kwa bei ndogo kuliko ile nusu tuliyopoteza. Mawe yanaota baharini, kijani kichwani, unayapita kwa kayaki chini ya matao. Pembezoni mwa tao moja palikuwa na vipande vya maboya ya plastiki vimejazana. Na hilo pia ni Ha Long.

Treni ya usiku kwenda Hue ni kama saa 13. Chukua kitanda cha chini, chumba cha watu wanne. Mwisho wa behewa kuna bomba la maji ya moto, kila mtu anakwenda na kikombe chake cha tambi. Tulilala na mzee na bibi yake waliokuwa wanakwenda kwa mtoto wao. Mzee alimenya balungi kwa ustadi, akatugawia na chumvi ya pilipili ya kuchovya, kama tunavyokula embe mbichi sisi. Tukawapa tende. Mazungumzo yote yalipita kwenye programu ya kutafsiri ya simu, na katika yote tuliyoelewana, kubwa lilikuwa moja: aliposikia tunakwenda Hoi An, akaonyesha dirisha, akatikisa kichwa.

Mvua ilianza kabla ya Hue. Mji wa wafalme wa ukoo wa Nguyen, waliotawala 1802 hadi 1945, tuliuona chini ya makoti ya plastiki, na niseme kweli, kuta zile nyeusi za ukungu zinapendeza na mvua. Treni ya Hue hadi Da Nang, inayopita ukingoni mwa bahari chini ya mlima wa Hai Van, watu wanaisifu kwa mandhari. Sisi tuliona kioo na matone.

Hoi An tulifika jioni, fanusi zinawaka, nikapiga picha yangu ya tatu. Nashukuru nilipiga siku ile ile. Alfajiri tuliamshwa na kelele za kuburuta vitu. Bibi mwenye nyumba, mtu wa miaka sabini na kitu, alikuwa amesimama katikati ya ukumbi anatoa amri. Juu ya dari kuna tundu la mraba lenye mfuniko wa mbao, nilikuwa nimeliona jana yake nikadhani ni la hewa. Wajukuu wawili walikuwa juu, wawili chini, wanapandisha kwa kamba friji, magunia ya mchele, picha za marehemu kutoka kwenye madhabahu ya ukoo. Pikipiki ziliwekwa juu ya meza. Hakuna aliyepiga kelele za hofu. Nyumba za kale za mji ule zimejengwa na tundu hilo kwa kazi hiyo hiyo, na katika nyumba ya Tan Ky, iliyo wazi kwa wageni, ukutani kuna alama za maji kila mwaka yalipofika, mafuriko ya 1964 yakiwa juu ya kimo changu.

Mto Thu Bon uliingia mtaani taratibu, bila mawimbi. Saa nne asubuhi ulikuwa magotini, mchana kiunoni, na boti za mbao zinapita pale tulipokula jana. Bibi alitupandisha ghorofani, akatupa mishumaa, chungu cha uji wa mchele, na onyo la kutoshika swichi yoyote. Umeme ulikatwa. Wifi alilia kidogo, si kwa maji, kwa kumuwaza mtoto aliyemuacha Dar, naye simu imebaki asilimia 9.

Basi anayekwenda pwani ile miezi hiyo, kama hana budi: chumba kiwe ghorofani, na hoteli iwe ya kuweza kufutwa bila kulipa. Fedha taslimu ya siku mbili tatu iwe mkononi, kwa sababu mashine za benki zinazimwa pamoja na umeme. Chaji betri ya akiba kila usiku. Na usiwape mafundi cherehani kazi ya kesho kutwa. Hoi An ni mji wa mafundi, wanakushonea gauni kwa siku mbili na kulipima mara mbili, lakini cherehani nazo zinapanda juu maji yakija. Gauni la wifi lilitumwa baadaye Saigon kwa basi, na lilikuja limeshonwa vizuri ajabu.

Nilichokipenda, katika yote ya Hoi An, ni siku maji yalipoanza kushuka. Mtaa mzima ulitoka na fagio na reki kabla maji hayajaisha. Bibi alinieleza kwa vitendo: tope ukilisukuma wakati maji bado yanavuta, mto unalibeba; ukingoja pakauke, utalichimba kwa koleo wiki nzima. Na sisi tukapewa mafagio. Hakutuomba, alitupa tu. Jioni akakataa kupokea malipo ya usiku ule wa ziada.

Kutoka Da Nang tuliruka kwa ndege hadi Saigon, kwani reli ilikuwa imefungwa. Jumba la Makumbusho ya Mabaki ya Vita nendeni asubuhi, na msipange kitu kizito baada yake. Chumba cha picha za watoto waliozaliwa na athari za dioksini, sumu iliyokuwa kwenye dawa ya kuua majani waliyomwaga Wamarekani vitani, wifi hakukimaliza, na mie nilikimaliza kwa kuangalia chini. Tulikwenda kukaa kwenye msikiti wa mtaa wa Dong Du, uliojengwa 1935, vigae baridi na miti, pikipiki zote zimebaki nje ya ukuta. Ukitaka chakula cha halali, mitaa ya karibu na soko la Ben Thanh ina migahawa ya Wamalaysia.

Na ndani ya Ben Thanh ndiko wifi alikosimama kidete. Ni mtu wa Newala, kwao ni korosho tangu babu. Alikuta mafungu ya korosho zilizokaangwa kwa chumvi na ngozi yake ya ndani, pakiti zimeandikwa Binh Phuoc, jina la eneo la korosho la kusini mwa Vietnam, muuzaji akizisifu kwamba hakuna kama za Vietnam. Vietnam inanunua korosho ghafi nyingi kutoka Afrika, zetu za kusini zikiwemo, inabangua na kuuza dunia nzima. Wifi aliionja moja, akaiangalia, akaniambia, "Wifi, hizi pengine zimenitangulia kwa meli." Bei ya kwanza ilikuwa dong 420,000 kwa kilo, akaishusha hadi 300,000. Tulipotoka nje akampigia baba yake simu. Mzee alikuwa ghalani, msimu wa minada ya korosho umefunguliwa. Hakuuliza habari za mafuriko, tulikuwa tumeshamweleza. Aliuliza kilo wanauza kiasi gani huko. Wifi akaondoa sifuri moja, akamwambia. Akaomba arudie, akaweka simu kwenye spika ili wenzake wa chama cha msingi cha ushirika nao wasikie.